Soko la sevo nafuu linauza kilo zisizo na mkaguzi

Anayetafuta sevo ya usukani, yaani kifaa kinachogeuza matairi, kwa gari la mbio la rimoti hukuta soko lenye ngazi mbili. Ya chini ni ya bidhaa zisizo na jina kubwa, nyingi zikitoka viwanda vya Shenzhen na Dongguan katika jimbo la Guangdong, ambazo kwa dola 12 hadi 20 za Marekani humpa mnunuzi gia za chuma na lebo ya kilo 20 au 25. Ya juu ni ya majina yaliyojengwa viwanjani kwa miongo kadhaa, hasa ya Japani, Taiwan na Korea Kusini, ambako sevo nzuri ya mashindano huanzia kama dola 100 na kupanda. Katikati, tangu mota zisizo na brashi zishuke bei, pamezuka kundi la dola 30 hadi 50 linalonyakua wateja wa pande zote mbili. Wenye majina makubwa wanasema tofauti ya bei ni ubora; wauzaji wa bidhaa nafuu wanasema wateja wanalipia jina tu. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini wote wanakwepa jambo moja: bei katika biashara hii inafuata namba iliyoandikwa kwenye lebo, na namba hiyo haina mkaguzi.

Kilo hizo ni kilo-sentimita za nguvu ya kugeuza, na hupimwa sevo ikiwa imekwama, pale mota inapokula umeme mwingi kuliko wakati wowote na haisogei hata kidogo. Hakuna gari linaloshinda mbio likiwa katika hali hiyo. Zaidi ya hapo, kiwanda huchagua volti ya kupimia. Sevo ile ile inaweza kuonekana ya wastani katika volti 6 na shujaa katika volti 8.4, ambayo ni betri ya lithiamu ya seli mbili iliyojaa kabisa, na ni namba ya volti 8.4 itakayochapishwa kwa herufi kubwa. Vyama vya mashindano vya Marekani na Ulaya huidhinisha mota na betri za madaraja mengi kwa orodha maalumu, lakini sevo kwa kawaida haimo. Kwa hiyo kiwanda kinajipima chenyewe, kinajisahihishia na kujipa alama. Kuongeza kilo tano kwenye lebo hakugharimu zaidi ya wino.

Hata hivyo, lebo nyingi hujisaliti zenyewe mbele ya mnunuzi mwenye kikokotoo. Nguvu ya kugeuza na kasi hutoka kwenye umeme ule ule. Gia zinaweza kupunguza moja ili kuongeza nyingine, haziwezi kuzalisha zote mbili. Chukua lebo inayodai kilo 25, na sekunde 0.08 kugeuka nyuzi 60, katika volti 6. Zidisha nguvu hiyo kwa kasi hiyo, utapata takriban wati 32. Gawanya kwa volti 6, utapata zaidi ya ampea 5, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwa msuguano na joto. Ikiwa lebo hiyo hiyo inasema sevo ikikwama inatumia ampea 2, basi angalau namba moja kati ya hizo si ya kweli. Kwa hesabu hiyo hiyo, lebo ya kilo 20 na sekunde 0.16 inahitaji ampea 2 na kidogo, na hapo madai yanaweza kukaa pamoja bila kugombana. Hesabu hii haithibitishi kwamba sevo ni nzuri, ila inaondoa mezani zile ambazo haziwezekani, na katika ngazi ya chini ya soko hizo si chache.

Anayeumizwa zaidi na namba hizi, kama wenye maduka madogo ya Marekani wanavyolalamika, si mnunuzi wa mwisho bali muuzaji wa rejareja. Mwenye duka anaagiza katoni, analipia ushuru, anapanga rafuni na kungoja. Mteja anakuja, anashika, anauliza maswali yote, kisha anaagiza mtandaoni kwa nusu ya bei. Wiki chache baadaye gia zikisagika anarudi dukani kuulizia gia za kubadilisha, na gia hazipo, kwa sababu bidhaa isiyo na jina mara nyingi haina vipuri. Kama sevo iliuzwa na duka lenyewe, hali ni mbaya zaidi: muuzaji anatoa nyingine kwa gharama yake, huku kiwanda kikichukua wiki kujibu, kikijibu. Lakini kinachomuuma kuliko yote ni kwamba uaminifu haumlipi. Akiandika kwenye rafu kwamba sevo hii inatoa kilo 14, wakati jirani yake anauza kasha linalofanana na hilo lenye maandishi ya kilo 25 kwa bei ile ile, ya kwake italala hapo hadi vumbi liishike. Soko linamwadhibu anayesema kweli, na polepole linamfundisha kunyamaza.

Serikali ya Marekani inasema imelisikia lalamiko la wafanyabiashara kama huyu. Msamaha uliokuwa ukiruhusu vifurushi vya chini ya dola 800 kuingia bila ushuru uliondolewa kwa bidhaa za China mwezi Mei 2025, kisha kwa nchi nyingine mwezi Agosti mwaka huo. Katika kuutetea uamuzi huo, maofisa walikuwa wakitaja vifurushi zaidi ya bilioni 1.3 vilivyopita kwa njia hiyo katika mwaka wa bajeti wa 2024. Ni takwimu ya kutisha, lakini inahesabu vifurushi, haisemi kilichomo ndani, wala haisemi ni duka gani lilipona. Ushuru humpandishia bei mwenye lebo ya kweli na mwenye lebo ya uongo kwa pamoja. Tena upo uwezekano kwamba kiwanda kinachotaka kubaki kwenye dola 15 baada ya ushuru kitatafuta nafuu pale macho ya mteja yasipofika: kwenye gia, beringi na mota. Hilo halijathibitishwa, lakini hakuna chochote katika hatua za forodha kinacholizuia. Kwa mtazamo wa muuzaji, ushuru umemkopesha muda, haujampa kipimo.

Wapo watakaosema kwamba haya yote wahenga waliyamaliza kwa maneno mawili, rahisi ghali, na kwamba dawa ni kununua majina makubwa. Hoja hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, sevo nafuu za leo si zile za zamani. Gia za chuma, saketi za kidijitali na kasha lililozibwa maji, vitu vilivyokuwa vya bei ya juu, sasa vinapatikana chini ya dola 40, na dereva anayejifunza hatafaidi tofauti ya sekunde 0.07 na 0.10 hadi mikono yake ifike huko. Pili, hata majina makubwa yanajipima yenyewe. Faida yao halisi haiko katika usafi wa namba zao bali katika kuwa na kitu cha kupoteza: jina, mtandao wa wauzaji, na seti za gia zinazoendelea kupatikana kwa miaka. Wengine watasema soko litajirekebisha, kwa kuwa madereva hupima na habari huenea. Lingejirekebisha kama bidhaa ingebaki ile ile. Lakini kasha moja na lebo moja vinaweza kutoka viwanda tofauti, vikiwa na mota na gia tofauti ndani, na sifa ya mzigo wa mwaka jana haiufungi mzigo wa mwaka huu.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye bajeti ndogo aanze na kazi, siyo kilo. Gari la ukubwa wa 1/10 la barabarani lina matairi mepesi na kona za haraka. Linahitaji kasi ya karibu sekunde 0.10 au chini yake, na kilo 10 za kweli humtosha dereva. Gari la 1/8 la kwenye vumbi hugonga, huruka na hubeba matairi mazito, hivyo kilo 20 na gia za chuma kigumu si anasa. Gari la kupanda miamba linataka nguvu, na kasi si hoja. Baada ya hapo aangalie umeme: kidhibiti mwendo kinachotoa ampea 3 kwa usukani hakiwezi kulisha sevo inayodai 5. Volti ikishuka, risiva huzimika kwa nukta, na dereva hulaumu redio isiyo na kosa. Aangalie pia meno ya ekseli, kwa kuwa mkono wa meno 25 hauingii kwenye ekseli ya meno 23 au 24. Na mwisho aulize swali ambalo wauzaji wengi wa ngazi ya chini hawapendi: seti ya gia inauzwa peke yake, na kwa bei gani?

Suala hili haliishii kwenye viwanja vya Marekani, Ulaya na Japani. Sevo za viwanda vile vile huuzwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Nairobi na Dar es Salaam, ambako wanunuzi wengi ni wanafunzi wa uhandisi wanaounda mikono ya roboti, na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, hutozwa bila kuuliza kama kilo za kwenye lebo zipo. Huenda kundi la katikati, la dola 30 hadi 50, likaendelea kukua na kuulazimisha ushindani wa ubora. Huenda pia likafuata mkondo ule ule wa kupandisha namba, na dalili za hilo zimeanza kuonekana. Hadi pale atakapopatikana mpimaji asiyeuza sevo, ushauri wa busara ni mmoja: nunua nafuu ukitaka, lakini kati ya sevo mbili za bei moja, chukua yenye namba ndogo zinazokubaliana na gia zinazopatikana, na iache yenye kilo nyingi ambazo muuzaji hawezi kuzitolea hesabu.