Sweta Lisilochakaa



Leo naomba nianze kwa kuungama. Si maungamo ya kitubioni, kwa maana hayo nilikwisha kuyafanya zamani, na padre aliyenisikiliza amekwisha kutangulia mbele ya haki. Ni jambo dogo tu la ujana wangu, lakini kila ninapomwona mama amekaa kibarazani na uzi wake mapajani, linanirudia.

Mwaka 1985 nilikuwa kidato cha kwanza katika seminari ndogo, huko nyanda za juu. Wanaoijua baridi ya mwezi Juni na Julai ya kule hawahitaji maelezo. Miaka ile ilikuwa ya shida. Sabuni na sukari tulivipata kwa foleni, na sweta la dukani lilikuwa ndoto. Mama yangu alitafuta masweta mawili makuukuu, yale ya nguo tulizoziita kafa ulaya. Moja lilikuwa la kijani, jingine la kahawia, na yote yalikuwa yametoboka viwiko. Akayafumua. Alitafuta ncha ya uzi pale mshono unapoanzia, akavuta taratibu, mimi na dada yangu tukishika mikono mbele kama mtu anayepokea mzigo, naye akatuzungushia uzi viganjani. Kisha akaufua, akauanika na jiwe limefungwa chini ili unyooke, akaukunja madonge.

Sindano zake hazikuwa za dukani. Zilikuwa njiti mbili za gurudumu la baiskeli, alizozinoa kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Kwa njiti hizo alifuma usiku, kwa mwanga wa koroboi, baada ya shamba, kuni, maji na chakula. Uzi wa kijani ulimwishia kifuani. Akaendelea na wa kahawia mpaka shingoni, na mkono mmoja ukawa na rangi zote mbili.

Nililipokea kwa furaha. Lakini siku ya kwanza nilipolivaa seminarini, wenzangu wawili watatu wenye masweta ya dukani waliniita "Bendera". Basi, msomaji wangu, nililivua. Nikalikunja vizuri, nikaliweka chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka. Nikatetemeka kwa baridi mpaka likizo ya Desemba.

Nilipofika nyumbani, mama aliniuliza, "Mwanangu, sweta lilikufaa?"

Nikajibu, "Lilinifaa sana, mama. Asante."

Akalitoa sandukuni akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye viwiko, akatazama mikono, akatazama shingo. Aliyefuma hudanganywa kwa shida. Sweta la mtoto aliyelivaa mwaka mzima huchakaa viwiko, hulegea shingo, hubeba doa la wino na la mchuzi. Langu lilikuwa kama siku lilipotoka kwenye njiti. Mama hakusema neno. Alilirudisha mahali pake. Baada ya siku chache nilimwona kibarazani akilifumua. Kwa uzi ule ule akafuma visweta viwili, akawapelekea pacha wa jirani waliozaliwa wiki ile.

Sijawahi kupewa adhabu kali kuliko kimya kile.

Msomaji mpendwa, kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu kitu kilichofumwa kwa mkono si kitu tu. Ukinunua zawadi dukani, unatoa fedha, nayo ni zawadi halali wala siidharau. Lakini anayekufumia anakupa saa za maisha yake, na saa hizo hazirudi. Fikiri jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Kwa kroshia, sindano ni moja yenye ndoana, nayo hufunga kitanzi kimoja kabla ya kuanza kingine. Kwa sweta, sindano ni mbili, na vitanzi vyote hukaa wazi vikisubiri zamu yao; kimoja kikikuponyoka, mstari mzima hufumuka mpaka chini. Hakuna njia ya mkato. Kila kitanzi kimepita vidoleni mwa mtu. Leo mashine hufuma masweta kwa maelfu, lakini kroshia yenyewe bado ni kazi ya mkono wa mwanadamu.

Maandiko Matakatifu yanaijua siri hii. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli tunamkuta Hana, mwanamke aliyelia mbele ya Mungu mpaka akapewa mtoto, kisha akamrudisha mtoto huyo kwa Mungu, akamwacha hekaluni Shilo chini ya mzee Eli. Tunaikumbuka sana sala yake. Lakini kuna mstari mmoja mdogo ambao mahubiri mengi huuruka: kila mwaka, Hana alipopanda na mumewe kwenda kutoa sadaka, alimpelekea mwanawe kanzu ndogo aliyomtengenezea mwenyewe.

Tafakari hapo kidogo. Mama huyu anamwona mtoto mara moja kwa mwaka. Hawezi kumpima. Inambidi akisie: amerefuka kiasi gani? Mabega yamepanuka? Mwaka mzima, kila anaposhika kazi ile, anamshika mtoto wake kwa mawazo. Kanzu ile ilikuwa sala ndefu ya mwaka mzima. Nami naamini Samweli aliivaa. Hakuificha sandukuni kama mimi.

Kule Ujerumani, katika jumba la sanaa la Hamburg, ipo picha ya altare iliyochorwa yapata mwaka 1400 na mchoraji aitwaye Meister Bertram. Inamwonyesha Bikira Maria amekaa nyumbani, sindano mkononi, anafuma nguo ya Mwanae. Mtoto Yesu yuko karibu yake. Pembeni wamesimama malaika, nao wameshika msalaba na mkuki. Mchoraji alikuwa anaifikiria ile kanzu isiyo na mshono ambayo askari, pale Kalvari, waliona ni hasara kuichana, wakaipigia kura. Injili haituambii nani aliifuma. Lakini mapokeo ya waamini yamependa kusema kwamba ni kazi ya Mama yake. Kama ni hivyo, basi kitu cha mwisho cha hapa duniani alichovuliwa Bwana wetu kilikuwa zawadi ya mikono ya mama.

Tena tumkumbuke Dorkasi wa Yopa, aliyeitwa pia Tabitha. Biblia haikutuandikia hata neno moja alilolisema. Alipofariki na Petro akaitwa, wajane hawakusoma wasifu wa marehemu. Walisimama wakilia, wakamwonyesha Petro nguo ambazo Dorkasi aliwatengenezea alipokuwa pamoja nao. Nguo ndizo zilizotoa ushuhuda. Ndugu yangu, siku yako na yangu itakapofika, watu watashika nini mikononi cha kuwaonyesha wengine?

Wapo watakaosema, "Padre, hayo ni mambo ya akina mama na ya kupoteza muda." Hebu niwakumbushe jambo la historia. Mwaka 1845 ugonjwa uliangamiza viazi nchini Ireland, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja. Katika miaka hiyo ya giza, masista Waursula wa Blackrock, mjini Cork, walifundisha kroshia. Katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Kianglikana, aliwaletea wanawake wa mahali pale ufundi huo huo mwaka 1847. Wakatoliki kwa Waanglikana, ndoana ndogo ya chuma na donge la uzi vilitia mkate mezani mwa nyumba nyingi ambazo shamba lilikuwa limezinyima kila kitu. Kazi ndogo si lazima iwe kazi ya upuuzi.

Sasa tuje kwetu. Nina mambo matatu ya kukuomba.

La kwanza, fuma kitu kimoja kwa ajili ya mtu asiyeweza kukulipa. Usianze na shuka la kitanda cha sita kwa sita ukakata tamaa njiani. Anza na kofia ya mtoto mchanga. Mtoto anapozaliwa, kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake, na kikiachwa wazi hupoteza joto. Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, joto ni uhai. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alianzisha utaratibu wa mama kumbeba mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kutunzia joto hazikutosha. Leo tunauita huduma ya kangaruu, nao umeenea duniani kote. Mtoto hubebwa na nepi, soksi na kofia. Kofia hiyo unaweza kuifuma kwa jioni mbili.

Tumia uzi laini usiochoma ngozi. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina mzunguko wa sentimita 35 hivi. Wa njiti ni mdogo zaidi, kwa hiyo fuma za vipimo mbalimbali, na fuma pungufu kidogo kwa kuwa uzi hutanuka. Usitie vifungo, shanga wala kamba za kuning'inia, zisije zikamkaba mtoto. Ifue kabla ya kuitoa. Na kabla ya jumuiya yenu kubeba kikapu kwenda wodini, mwulizeni kwanza muuguzi mkuu ni nini kinachohitajika. Sadaka isiyouliza mara nyingi humfurahisha mtoaji kuliko mpokeaji.

La pili, mlipe anayefuma. Hapa nasema kwa uchungu. Mama amekaa siku nane juu ya kitambaa cha meza, sisi tunafika tumeshuka kwenye gari, tunasema, "Kwani si uzi tu? Punguza." Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba hadhi ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Ukiishusha kazi ya mama yule mpaka bei ya uzi, umemwambia kwamba siku zake nane si kitu. Na sisi mapadre tusijitoe. Mara ngapi tumesimama baada ya Misa tukasema, "Mama fulani atatufumia vitambaa vya altare, yeye ni mwenzetu," bila hata kuuliza uzi ataununua kwa fedha gani? Anayetaka kutoa kama sadaka, na atoe kwa hiari yake, Mungu atambariki. Lakini sadaka ya mtu haipangwi na mwingine kwenye matangazo.

La tatu, na ndilo gumu kwangu, jifunze kupokea. Huenda nyumbani kwako kipo kitambaa cha kochi ambacho mkwe wako alikufumia, nawe umekifungia kabatini kwa kuwa rangi haifanani na mapazia. Huenda bibi alikutumia soksi mkaliwa na aibu, wewe na wanao. Zitoe leo. Zivae. Ziache zichakae. Zawadi ya mkono haiheshimiwi kwa kutunzwa, huheshimiwa kwa kutumiwa. Kuchakaa kwake ndiyo shukrani yake.

Lugha yetu ina hekima. Tunasema kufuma, na kinyume chake ni kufumua. Dhambi hufumua: kitanzi kimoja cha kiburi kikiponyoka, upendo wa miaka hufumuka mstari mzima. Lakini nilijifunza kwa mama kwamba uzi uliofumuliwa hautupwi. Hufuliwa, hunyooshwa, hufumwa upya. Hivyo ndivyo Mungu anavyotutendea. Anauchukua uzi ule ule wa maisha yetu, wenye mikunjo ya jana, anatutengeneza tena kwa ajili ya wengine.

Miaka mingi baadaye, nikiwa padre, nilimwambia mama ukweli wote: lile jina la Bendera, sanduku, na uongo wa Desemba. Aliniangalia, akacheka kidogo.

"Nilijua, baba," akasema. "Nilisikitika kwa baridi uliyoipata tu."

Mwezi uliofuata alinitumia kofia ya sufu. Ya kijani, na ukingo wa kahawia.

Mama amekwisha kwenda kupumzika kwa Bwana. Kofia ninayo. Imetoboka mahali pawili, na pembeni imelegea kabisa. Nimeivaa kwenye safari za vigango, kwenye pikipiki, kwenye mikesha ya misiba. Wanaparokia wananiambia, "Padre, tukununulie nyingine." Nawaambia, asanteni, hii bado.

Nakutakia Dominika njema. Mungu azibariki kazi za mikono yako.