Chuma Kuelea: Kilichonivuta Kwenye Uhandisi wa Meli

Tupa msumari baharini, utazama papo hapo. Meli ya makontena inayoingia Kilindini, maelfu ya tani za chuma, inaelea. Niko kidato cha nne, na hakuna mada ya fizikia iliyonishika kama hii.

Jibu ni kanuni ya Archimedes: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyaondoa. Msumari huondoa maji mepesi kuliko uzito wake. Meli ina tumbo wazi, hivyo huondoa maji mengi, na huacha kushuka uzito wa maji hayo unapolingana na wake.

Sasa tuje kwenye mashua zetu. Chukua mashua ambayo umbo lake usawa wa maji lina eneo la mita mraba 10. Wakipanda watu 10 wa kilo 70, itashuka takriban sentimita 7. Ongeza 10 wengine, zinakuwa 14. Nahodha huyaona hayo kwa jicho; abiria wengi hawayaoni.

Meli kubwa huchorwa ubavuni alama ya kikomo cha shehena, jambo alilolipigania Samuel Plimsoll katika bunge la Uingereza hadi sheria ya 1876. Mimi ningependa kila mashua ya abiria, Lamu hadi Vanga, iwe na mstari kama huo, wa rangi ambayo hata mama aliyebeba mtoto ataiona akiwa bado gatini.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza la chuo ni uhandisi wa meli. Hesabu ndiyo inayonitoa jasho, basi nimeanza na hiyo.