Kukosea kwa Kiasi Kilekile: Utangulizi wa Usahihi wa Saa za Zamani

Anayeingia katika elimu ya saa za mitambo huja na swali moja: saa hii inakosea sekunde ngapi kwa siku? Swali ni la haki, ila si la kwanza. La kwanza ni kama inakosea kiasi kilekile kila siku. Saa inayochelewa sekunde 4 leo, 4 kesho na 4 keshokutwa ni chombo cha thamani, maana hesabu ndogo tu inakupa wakati kamili. Ile inayokimbia sekunde 10 Jumatatu na kuchelewa 10 Jumanne itaonekana sahihi Jumanne usiku, lakini haifai kutegemewa. Katika kitabu hiki kiasi cha kukimbia au kuchelewa kwa siku tutakiita mwendo wa saa, na karibu kila juhudi tutakayoisimulia ililenga kuuzuia mwendo huo usibadilike.

Mabaharia walilielewa jambo hili mapema. Novemba 1761 William Harrison aliondoka Uingereza kwa meli ya Deptford kwenda Jamaica, amebeba saa iliyoundwa na baba yake, John Harrison, ambayo leo inajulikana kwa jina la H4. Baada ya siku 81 ikasemwa kwamba imekosea sekunde 5 tu. Sekunde hizo 5, hata hivyo, ni zile zilizobaki baada ya kuondoa uchelewaji wake wa kawaida wa sekunde 2 na theluthi mbili kwa siku. Bila kuuondoa, saa ilikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 3. Bodi iliyoshika fedha za zawadi iliyoahidiwa kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini ililalamika kwamba mwendo huo haukutangazwa kabla ya safari. Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba wajumbe walikuwa na husuda tu. Kwa hoja hii moja, mimi nawaunga mkono: mwendo unaotajwa baada ya safari unaweza kuchongwa mpaka ulingane na jibu. Katika safari ya pili, ya Barbados mwaka 1764, mwendo ulitangazwa kwanza, na saa ikafuzu.

Ni nini basi kinachoubadilisha mwendo? Ndani ya saa kuna gurudumu linalozunguka kwenda na kurudi, likirudishwa kila mara na kamani nyembamba sana iliyosokotwa. Katika saa nyingi za zamani pigo lake ni mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku. Kila pigo likirefuka kwa sehemu moja tu katika 10,000, saa itachelewa karibu sekunde 9 kwa siku. Mlango wa makosa ni mwembamba kiasi hicho.

Adui wa kwanza ni joto. Kamani ya chuma hulegea joto linapopanda, na saa isiyo na kinga huchelewa sekunde 10 hivi kwa siku kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mafundi wa karne ya 18 walipata dawa ya kustaajabisha. Ukingo wa gurudumu ukatengenezwa kwa tabaka mbili, chuma ndani na shaba ya manjano nje, kisha ukakatwa mahali pawili. Joto likipanda, shaba hutanuka kuliko chuma na kuikunja mikono ya ukingo kuelekea ndani. Uzito unasogea karibu na kitovu, gurudumu linaongeza kasi, na ulegevu wa kamani unafidiwa. Kisha ikaja kazi ya subira: skrubu ndogo za ukingoni zilihamishwa kutoka tundu hadi tundu, na kila zilipohamishwa saa ilirudishwa kwenye sanduku la baridi na la joto. Hata saa iliyolingana katika baridi na katika joto bado ilikimbia kidogo katika hali ya katikati. Charles Édouard Guillaume, mwana wa fundi saa wa Uswisi, aliyefanya kazi Sèvres karibu na Paris, alilishughulikia tatizo hilo kwa aloi za nikeli na chuma. Mwaka 1920 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na sijui kama kuna tuzo nyingine ya aina hiyo inayodaiwa kiasi hicho na ufundi saa.

Adui wa pili ni mkao. Saa ikilala kifudifudi au chali, mhimili wa gurudumu husimama juu ya ncha yake, na msuguano ni mdogo. Ikisimama wima, mhimili hulalia ubavu, msuguano unaongezeka, na gurudumu halifiki mbali kama mwanzo. Upande wowote wa gurudumu ukiwa mzito kuliko mwingine hata kwa chembe, mvutano wa dunia utalivuruga pia. Fundi saa Breguet aliinua mzunguko wa mwisho wa kamani ili ipumue sawasawa pande zote. Mwaka 1861 mhandisi Mfaransa Édouard Phillips akaonyesha kwa hesabu umbo ambalo mkunjo huo unapaswa kuwa nalo.

Ufundi huu ulitoka kwa mabaharia na matajiri ukafikia mifuko ya wafanyakazi wa reli wa Marekani, na kwangu hapo ndipo penye utamu. Aprili 1891 treni mbili ziligongana karibu na Kipton, jimbo la Ohio. Inasimuliwa kwamba saa ya mmoja wa wafanyakazi ilisimama kwa dakika 4 kisha ikaendelea bila yeye kujua. Webb C. Ball, sonara wa Cleveland, alikabidhiwa ukaguzi wa saa za reli, na masharti yakakua mwaka hadi mwaka: vito visivyopungua 17, urekebishaji katika mikao 5, uvumilivu wa halijoto kutoka karibu na kuganda kwa maji hadi nyuzi 38 hivi, na kosa lisilozidi sekunde 30 kwa wiki. Hata kuweka mishale kulitungiwa sheria. Ilibidi ufungue kioo na kuvuta kijiti kilichofichwa ukingoni mwa uso wa saa, ili mtu anayetia ufunguo asije akaisogeza mishale bila kukusudia. Sekunde 30 kati ya 604,800 za wiki, na haya yalidaiwa kwa chombo kinachotikiswa kutwa ndani ya kizibao cha dereva!

Msomaji ajihadhari na maandishi yaliyochorwa kwenye mitambo. Viwanda vya Marekani vilichora neno la kuthibitisha urekebishaji hata pale ambapo haikutajwa mikao wala halijoto. Saa inayotaja mikao 5 imejifunga kwa ahadi inayoweza kupimwa. Nyingine imejisifu tu. Tena ahadi yenyewe ilitolewa wakati mafuta yalikuwa mapya. Mafuta yakigandamana, au kamani ikipata sumaku, sifa zote za kiwandani zimekwisha mpaka fundi aisafishe.

Najua utasema kwamba saa ya kwatsi ya bei rahisi inazishinda karibu zote hizi. Ni kweli, na tangu Seiko walipoiuza ile ya kwanza ya mkononi Desemba 1969 hakuna fundi mwenye akili aliyebishana. Kwatsi ilikwepa matatizo yetu mengi badala ya kuyatatua, na utatuzi wa matatizo hayo ndio tunaousoma hapa.

Kabla ya kufungua Sura ya Kwanza, tafuta saa ya mitambo iliyosafishwa karibuni. Itie ufunguo kila asubuhi wakati uleule, uilinganishe na saa ya simu, usiguse mishale. Ilaze chali usiku wa kwanza, isimamishe wima usiku wa pili, rudia hivyo kwa wiki mbili, ukiandika kila tofauti. Ukigundua kwamba hukimbia ikilala na kuchelewa ikisimama, unaweza kuichagulia mkao wa usiku unaorudisha kilichopotea mchana, bila bisibisi wala fundi. Usiutupe ukurasa huo wa tarakimu, kwani hesabu za sura ya kwanza zinafanywa juu yake.