Mafunzo ya Utetezi Huanzia Mezani kwa Karani

Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya Burundi inawapa polisi siku 7 za kumshikilia mtu kabla ya kumwachia au kumfikisha kwa mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka anaweza kuongeza muda huo, ila jumla yake isizidi siku 14. Katika siku hizo hakuna hakimu aliyeketi, hata hivyo mambo makubwa ya kesi huamuliwa papo hapo. Afisa wa upelelezi, yule ambaye Bujumbura nzima humwita OPJ, anaandika maelezo kwenye hati inayoitwa PV. Mshukiwa anatia saini au dole gumba, na kila kilichoandikwa humo kitamfuata mpaka hukumu. Wakili akifika siku ya pili, atauliza kama saa ya kukamatwa imeandikwa ilivyo, kama mteja wake alielewa alichosomewa, kama alipigwa. Akifika baada ya miezi, atakuta karatasi zimekwisha kusema.

Ili afike mapema na ajue la kufanya, wakili anahitaji mafunzo. Tukizungumzia mafunzo hayo, sifa humwendea mkufunzi anayesimama mbele ya darasa. Leo nataka kumzungumzia mtu anayeketi nyuma ya mlango wenye maandishi “Sekretarieti”: karani au mratibu wa idara ya mafunzo katika utetezi wa umma, yaani utetezi wa watu wasioweza kulipa wakili. Naamini kazi yake ni sehemu ya utetezi wenyewe, na ikizembewa anayeumia ni mtu aliye mahabusu.

Burundi ilijifunza kwa uchungu maana ya kukosa watetezi. Mwaka 1996 mahakama zilianza kusikiliza kesi za mauaji yaliyofuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993. Washtakiwa wengi walisimama kizimbani peke yao. Tarehe 31 Julai 1997 watu 6 walinyongwa, na miongoni mwao walikuwamo waliohukumiwa bila msaada wa wakili. Umoja wa Mataifa ulisaidia kuleta mawakili kutoka nje, kisha shirika la Avocats Sans Frontières likaanza kazi nchini mwaka 1999. Adhabu ya kifo ilifutwa mwaka 2009. Lakini wakili mgeni hurudi kwao, na utetezi unaotegemea wageni huondoka nao. Ndiyo maana mkazo ukahamia kwenye kuwafunza wa nyumbani: wanachama wa Barreau, yaani chama cha mawakili, hasa mawakili wanagenzi wanaopangiwa kesi za bure. Mashirika kama International Bridges to Justice, lililoanzishwa na Karen Tse mwaka 2000 na lenye makao yake Geneva, yanashiriki kazi hiyo nchini.

Karani wa mafunzo hayo anafanya nini hasa?

Kwanza anapanga tarehe. Jambo hili linaonekana dogo mpaka ujue kwamba wakili anayefunzwa Jumatano huenda ana mteja anayesikilizwa Jumatano hiyohiyo. Karani makini huanza na ratiba za mahakama, kisha hupiga simu moja baada ya nyingine: “Wakili, samahani kwa usumbufu, wiki ijayo una kesi siku gani?” Mafunzo yanayomwondoa mtetezi mahakamani yamemdhuru mtu yuleyule ambaye yalikusudiwa kumsaidia. Kisha inakuja njia. Mawakili wengi wana ofisi zao Bujumbura, ilhali magereza 11 ya nchi yametawanyika mpaka Ngozi, Muyinga na Rutana. Katika miaka hii ya uhaba wa petroli, kuwaita washiriki kumi na watano washuke kutoka kaskazini kunaweza kuwa kazi bure. Karani anayejua hesabu yake atapendekeza mkufunzi ndiye apande Ngozi, na akae huko siku mbili.

Pili, anachagua orodha. Kila semina ina posho na nauli, na pasipo utaratibu sura zitakuwa zilezile kila mara. Dawa yake ninayoipendekeza ni sharti moja la maandishi: aliyehudhuria mafunzo haalikwi tena kabla ya kuleta taarifa fupi za kesi za bure alizozishughulikia tangu hapo. Sharti hilo halitungwi na profesa wa sheria. Linasimamiwa na karani mwenye daftari, na linahitaji mkuu wa idara asiyemgeuka pale wakili mwenye jina anapolalamika.

Tatu, anaandaa zana za darasani. Kanuni za sheria zimeandikwa kwa Kifaransa, mahojiano kituoni hufanywa kwa Kirundi, na mshukiwa wa mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura au mfanyabiashara aliyevuka mpaka kutoka Uvira, Kongo, huenda akajieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili. Kwa hiyo zoezi la kumhoji mteja linaandaliwa kwa lugha atakazozikuta wakili kazini. Mazoezi bora hutokana na mafaili halisi, na hapa karani anabeba dhamana nzito ya siri. Kufuta jina hakutoshi. Katika nchi ambayo watu hujulikana kwa kilima wanachoishi, ukiacha jina la kilima, tarehe na uhusiano wa kindugu, umemtaja mtu. Katika kesi za ubakaji au za watoto, uzembe huo ni jeraha la pili kwa aliyekwisha kuumizwa. Vyote vitatu viondolewe kabla ya fotokopi ya kwanza kutoka, na faili la asili lirudi kabatini likiwa limefungwa kwa ufunguo.

Nne, na hapa ndipo penye uzito zaidi, anafuatilia. Mafunzo mengi huisha kwa picha ya pamoja na vyeti. Mfadhili hupelekewa karatasi za mahudhurio na risiti, na hesabu inafungwa. Hizo ni lazima, kwa sababu risiti moja ikikosekana fedha za awamu ijayo zinaweza kukwama. Lakini zinathibitisha tu kwamba watu waliketi. Karatasi yenye thamani ni nyingine: jedwali la kesi zilizoshughulikiwa baada ya mafunzo. Linahitaji safu tano tu: tarehe ya kukamatwa, tarehe wakili alipomwona mteja kwa mara ya kwanza, kama PV ilikuwa imekwisha kutiwa saini, ombi lililowasilishwa, na matokeo.

Tuseme baada ya miezi mitatu jedwali linaonyesha kwamba maombi ya mawakili yameandikwa vizuri, lakini bado wanawaona wateja wiki tatu baada ya kukamatwa. Hapo tatizo halimo tena katika elimu ya wakili. Hakuna anayempa habari. Mafunzo yajayo yasiwe ya mawakili peke yao. Wakaribishwe ma-OPJ, waendesha mashtaka na makarani wa magereza wakae meza moja, wakubaliane nani anampigia nani simu na kwa namba ipi. Bila jedwali, idara itarudia somo lilelile la kanuni mwaka mzima. Na Mpimba, gereza kuu la Bujumbura lililotengewa watu 800 na ambalo kwa miaka mingi limebeba idadi hiyo mara kadhaa, litaendelea kupokea watu ambao hawajahukumiwa.

Mwaka 2012 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni na miongozo ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai, inayoitaja huduma hiyo kuwa wajibu wa serikali. Kenya ilitunga sheria yake ya msaada wa kisheria mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Burundi, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, ina majirani wa kujifunza kwao. Lakini haihitaji kungoja sheria mpya ili kuanza na jambo lililo mkononi: nafasi ya mratibu wa mafunzo iwe ajira ya kudumu, ilipwe kutoka bajeti inayojulikana, isizaliwe na mradi na kufa nao. Mradi unapofungwa leo, karani huenda nyumbani, na kumbukumbu zake hubaki kwenye kompyuta ambayo hakuna ajuaye itakwenda wapi. Anayekuja anaanza upya kutafuta namba za simu za mawakili walewale.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa Barreau, wizara na wafadhili wabadilishe swali wanaloliuliza. Wasitake kujua tu ni wangapi waliohudhuria. Wamwombe karani afungue jedwali lake, na wahesabu siku zilizopita kati ya kukamatwa kwa mtu na kufika kwa wakili wake. Hesabu hiyo ikipungua kutoka robo moja ya mwaka hadi nyingine, mafunzo yanafanya kazi. Isipopungua, fedha zimetumika na haki ya kutetewa bado haijasogea.