Yai Huzeeka Kabla ya Tumbo

Mwishoni mwa Novemba 2023, hospitali moja ya uzazi jijini Kampala ilitangaza kwamba mwanamke wa miaka 70 amejifungua mapacha, wa kike na wa kiume. Habari ilienea Afrika Mashariki nzima, na wengi waliipokea kama ushahidi kwamba siku hizi katika uzazi hakuna tena kuchelewa. Jambo moja lilitajwa waziwazi lakini likapita bila kusikika: mayai yaliyotumika hayakuwa yake. Yalitoka kwa mwanamke mwingine.

Mtoto wa kike huumbiwa mayai yake yote akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mimba ikifika wiki ya 20 hivi, anayo kati ya milioni 6 na 7. Akizaliwa yamebaki milioni 1 au 2. Akivunja ungo, kama 300,000. Hayaongezeki tena. Yanayokomaa na kutoka maisha yake yote ni 400 au 500 tu. Mengine hufa yenyewe kila mwezi, awe ana mimba au anameza vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa hiyo vidonge haviyamalizi mayai kama wengi wanavyohofu, wala haviyatunzi.

Tena upungufu wa mayai si habari mbaya zaidi. Yai la mwanamke wa miaka 40 nalo lina miaka 40, na muda wote huo limekuwa na kazi ambayo haijakamilika. Lilianza kugawa kromosomu zake kabla mwenyewe hajazaliwa, likasimama katikati, likangoja mwezi wake wa kutoka ndipo limalizie. Kromosomu hizo zimeshikizwa kwa protini mfano wa kamba, na kamba iliyofungwa miaka 40 hulegea. Kazi inapoendelea, kromosomu moja huweza kuangukia upande usio wake. Mimba nyingi za namna hiyo hazishiki, au hutoka wiki za mwanzo, na mama hubaki akijilaumu: nilibeba ndoo, nilisafiri kwa basi. Hakufanya kosa lolote, na ningependa kila mkunga amwambie hivyo. Chache hufika mwisho. Ndiyo maana uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down hupanda kutoka takriban 1 kati ya 1,250 kwa mama wa miaka 25 hadi 1 kati ya 100 akiwa na miaka 40.

Mfuko wa uzazi hauchakai kwa kasi hiyo. Ukiandaliwa kwa homoni, unaweza kupokea kiinitete hata baada ya hedhi kukoma. Lakini mzigo wa mimba huuelemea mwili wote: shinikizo la damu, kisukari cha mimba, kifafa cha mimba. Mapacha wa Kampala walizaliwa kabla ya miezi kutimia.

Upandikizaji wa mimba, yaani kurutubisha yai nje ya mwili kisha kuliweka tumboni, ulipoleta mtoto wake wa kwanza, Louise Brown, huko Oldham, Uingereza, Julai 1978, tatizo la mama yake lilikuwa mirija iliyoziba. Tiba ilipata njia ya kuizunguka mirija. Haikupata, na mpaka leo haijapata, njia ya kulirudishia yai ujana wake. Takwimu za Uingereza zinaonyesha hivyo: kwa wanawake walio chini ya miaka 35 wanaotumia mayai yao wenyewe, kama theluthi moja ya viinitete vinavyopandikizwa huzaa mtoto, kwa wa miaka 43 na 44, ni kama 5 kati ya 100.

Kwetu mirija huziba sana, mara nyingi kwa klamidia au kisonono kisichotibiwa. Binti wa miaka 29 mwenye mirija iliyoziba ana nafasi nzuri ya kusaidiwa. Kinachoniumiza ni kumwona akizungushwa miaka 10, kutoka kwa mganga hadi kwenye maombi, mawifi wakimsema, na mumewe hajapimwa mbegu hata mara moja. Mwaka mmoja wa kutafuta mtoto bila mafanikio unatosha kwenda hospitali, wote wawili. Kwa aliyevuka miaka 35, miezi sita.

Na kabla familia haijauza kiwanja kulipia matibabu, mama wa miaka 44 amuulize daktari swali moja: tunatumia mayai yangu, au ya nani?