Je, Yafaa Raia Kuweka Pingu za Kujilinda?

Wezi wamezidi na watu wamechoka. Nyumba zavunjwa usiku, simu zanyang'anywa mikononi mchana kweupe, na mwenye duka afunga milango yake jioni lakini moyo wake haufungiki. Katika hali kama hii si ajabu watu kuulizana juu ya kila chombo kidhaniwacho kuwa chaweza kuwalinda. Mmoja asema rungu, mwingine asema mbwa, na siku hizi wako wasemao pingu. Hoja yao ni hii: pingu haziui kama bastola wala hazikati kama panga. Ukimkamata mwizi ukamtia pingu, wewe umesalimika na yeye amesalimika. Kilichobaki ni kumngoja polisi.

Hoja hii si ya kipumbavu, nayo yastahili kujibiwa kwa uangalifu, hasa kwa ajili ya vijana wetu, ambao hupenda chombo chochote king'aacho mkononi mwa askari. Jawabu letu twalisema tangu sasa ili msomaji alipime: pingu si chombo cha kujilinda, bali ni chombo cha kumweka mtu kifungoni. Na mwenye kumweka mtu kifungoni amejitwika amana ya uhai wake.

Pingu ni chombo cha namna gani?

Zamani pingu zilikuwa za kipimo kimoja. Kwa mtu mwembamba zilichopoka, na kwa mtu mnene hazikufunga. Mwaka 1862, huko Marekani, W. V. Adams alipewa haki ya uvumbuzi wa pingu zenye meno, zibanwazo kwa kadiri ya mkono wa mfungwa. Mwaka 1912 George A. Carney akavumbua zile ambazo mkono wake wa chuma huzunguka na kujifunga mara ugongwapo kifundoni. Pingu nyingi za leo zimefuata mfano huo.

Sasa tazama matumizi yake. Meno yale huenda mbele tu, hayarudi nyuma bila ya ufunguo. Mtu aliyefungwa akipapatika, au akilalia mikono yake, pingu huzidi kukaza, ila zikiwa zimetiwa kizuizi cha pili cha kuyasimamisha meno. Asiyefunzwa hana habari ya kizuizi hicho. Upande wa dole gumba, karibu na kifundo cha mkono, hupita mshipa wa fahamu ulio juu juu chini ya ngozi; pingu zilizokaza huuminya, na mtu aweza kukaa siku nyingi mgongo wa mkono wake umekufa ganzi. Na aliyefungwa mikono nyuma akalazwa kifudifudi, kisha akakaliwa mgongoni, pumzi yake yaweza kukatika. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis huko Marekani, George Floyd alikufa akiwa katika pingu, amelazwa chini, na goti la polisi juu ya shingo yake kwa muda wa zaidi ya dakika 9. Waliomfunga ni watu waliofunzwa kazi hiyo. Ikiwa mfunzwaji aweza kuua, je, yule aliyenunua pingu jana, naye anatetemeka kwa hofu na hasira?

Tena kuna jambo moja la akili tupu. Ili umtie mtu pingu, yakupasa umkaribie, umshike mikono yote miwili, na umzuie asikupige. Mwenye kuweza kufanya hayo amekwisha kumshinda adui yake, na hatari imekwisha kumwondokea. Asiyeweza kuyafanya, pingu hazitamfaa kitu. Pengine zitachukuliwa na mwizi na kufungiwa mwenye nyumba. Basi pingu hazimlindi mtu wakati wa hatari. Kazi yake huanza pale hatari inapokwisha.

Haki ya kujitetea ina mpaka

Katika sharia ya Kiislamu haki ya mtu kutetea nafsi yake, jamaa zake na mali yake haina shaka. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) ya kwamba mwenye kuuawa akiitetea mali yake huyo ni shahidi. Walakini wanavyuoni, na hasa wa madhehebu ya Imam Shafi, wameiwekea haki hii daraja. Mshambulizi akizuilika kwa maneno au kwa kuitia watu, haifai kumpiga. Akizuilika kwa mkono, haifai fimbo. Na akizuilika kwa fimbo, haifai silaha ya kukata. Na akiacha shari yake akageuza mgongo, basi ile ruhusa ya kumpiga imekoma, kwa kuwa sababu yake imeondoka. Ruhusa hii ni ya kuondoa shari, si ya kuadhibu. Kuadhibu ni kazi ya kadhi na ya serikali.

Ama juu ya kumfunga mtu, tunayo mafunzo katika sira. Thumama bin Uthal, mkubwa katika watu wa Yamama, alikamatwa na wapanda farasi waliotumwa na Mtume (S.A.W.), akafungwa katika nguzo ya msikiti wa Madina. Hakufichwa chumbani, alikuwa mbele ya watu wote. Kwa siku tatu Mtume (S.A.W.) alimwendea akamwuliza hali yake, kisha akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda kwenye mitende iliyokuwa karibu, akaoga, akarudi akasilimu. Imepokewa pia ya kwamba baada ya vita vya Badri Mtume (S.A.W.) alikosa usingizi kwa kumsikia ami yake Abbas akiugua kwa kukazwa kamba, mpaka zikalegezwa kwake na kwa mateka wenziwe. Na ni nani asiyeijua habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumpa chakula wala hakumwacha ajitafutie, hata akafa, naye akastahili adhabu kwa sababu yake? Ikiwa mwenye kumfungia paka huulizwa juu ya uhai wake, mwenye kumfungia mwanadamu ataulizwa mangapi? Maji yake, pumzi yake, haja yake, na usalama wake mbele ya watu wenye hasira: yote hayo yamo shingoni mwa mwenye ufunguo.

Sheria za nchi zasema nini?

Sheria zetu za Afrika ya Mashariki hazikumnyima raia haki ya kumkamata mhalifu. Katika Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yamruhusu raia kumkamata mtu atendaye mbele yake baadhi ya makosa. Kenya nayo yamruhusu raia kumkamata atendaye mbele ya macho yake kosa ambalo polisi huweza kumkamata mtu bila hati, au yule amshukuye, kwa sababu za maana, kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Lakini sheria hizo zimeongeza masharti mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza, aliyekamatwa asizuiliwe kwa nguvu zaidi ya zile zihitajiwazo kumzuia asitoroke. La pili, raia aliyemkamata mtu amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Anayemfungia mtu nyumbani kwake usiku kucha ili amwulize maswali, au mpaka jamaa zake walete fedha, huyo hajakamata mwizi. Yeye mwenyewe ameingia katika kosa la kumfungia mtu isivyo haki.

Hatari ya kumpa kila mtu madaraka ya polisi yaonekana vyema huko Marekani, ambako pingu huuzwa madukani kwa raia katika sehemu nyingi. Jimbo la Georgia lilikuwa na sheria ya tangu mwaka 1863 iliyomruhusu raia kumkamata raia mwenziwe. Tarehe 23 Februari 2020 kijana Mweusi, Ahmaud Arbery, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa akikimbia katika mtaa mmoja karibu na mji wa Brunswick. Watu weupe watatu walimshuku kuwa ni mwizi, wakamfuata kwa magari mawili, na mmoja wao akampiga risasi akafa. Hakuwa na silaha, wala hakushikwa na kitu cha wizi. Walipofikishwa mahakamani walijitetea kwamba walitaka kumkamata tu kama sheria ilivyowaruhusu. Mwezi wa Novemba 2021 wote watatu walipatikana na hatia ya kuua. Na mwezi wa Mei wa mwaka huo huo jimbo lilikuwa limekwisha kuifuta ile sheria ya zamani.

Ni kweli kwamba kilichomwua kijana yule ni bunduki, si pingu. Lakini bunduki ilitanguliwa na dhana: mtu kujiona kuwa yeye ni polisi, na kumwona mpita njia kuwa ni mfungwa wake. Dhana hiyo ndiyo tunayoiogopea vijana wetu. Mwenye pingu kiunoni hutafuta mikono ya kuzitia.

Sisi wenyewe tumewahi kuliona jambo hili kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi, walipoona ng'ombe wao wanakwisha kwa wizi, waliunda jeshi la sungusungu. Ng'ombe wengi walirudishwa na wezi wakaogopa. Wema huo haufichiki. Lakini katika sehemu nyingine waliofungwa na kupigwa hawakuwa wezi; walikuwa wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Mwaka 1989 sungusungu waliingizwa chini ya sheria ya mgambo. Nguvu ya umma ilihitaji mwenye kuisimamia.

Je, pingu hazitamwokoa mwizi?

Hapa ndipo ilipo hoja yenye uzito. Kila mmoja wetu anajua yanayompata mtu aliyepigiwa kelele za mwizi katika miji yetu: mawe, marungu, na pengine tairi na petroli. Watetezi wa pingu husema, "Afadhali afungwe kuliko achomwe."

Nasi twasema, ni kweli, afadhali afungwe kuliko achomwe. Lakini pingu hazimwepushi na kuchomwa. Mtu mwenye mikono miwili aweza kujikinga kichwa, aweza kukimbia, aweza kupanda ukuta. Ukimfunga kisha lile kundi likakushinda nguvu, umewakabidhi mtu asiyeweza hata kuinua mkono kuuzuia uso wake. Na ikibainika kesho kwamba alikuwa mpita njia, au mgonjwa wa akili, au kijana aliyegonga mlango usio wake, damu yake utaielekeza kwa nani? Kimwokoacho mtu kama huyo ni wanaume wanne watano wenye haya na heshima zao, waliomzunguka na kusema, "Hapigwi mtu hapa mpaka polisi waje." Mtume (S.A.W.) alifundisha kumsaidia ndugu yako akidhulumiwa na akidhulumu pia, na kumsaidia dhalimu ni kuuzuia mkono wake. Basi kuwazuia jirani zako wasimwue mtu ni kuwasaidia wao kabla ya kumsaidia yeye.

Basi lifanywe nini?

Kwanza, nyumba ilindwe kabla mwizi hajafika: komeo madhubuti, taa ya nje, miti iliyofyekwa karibu na madirisha, na jirani mwenye namba yako ya simu. Namba 112 ya kuita polisi na ifundishwe kwa watoto katika Tanzania na Kenya.

Pili, ukishambuliwa, itia watu na uokoe nafsi. Mali hurudi. Mwanamke atembeaye usiku asidanganywe kwamba kipande cha chuma mkobani chatosha. Afadhali mwenziwe wa kufuatana naye, na njia yenye taa na watu.

Tatu, mwizi akikamatwa, aketishwe chini mahali peupe mbele ya mashahidi, asilazwe kifudifudi, asivuliwe nguo, asihojiwe kwa kipigo. Aitwe mwenyekiti wa mtaa au mzee anayeheshimiwa, na apelekwe kituoni upesi. Na katika kumwita watu, angalia neno utakalolipigia kelele. "Jamani, tusaidieni!" huleta watu, "Mwizi!" huleta mawe.

Nne, wale walinzi ambao kazi yao yawalazimu kuchukua pingu, waajiri wao wana wajibu wa kuwafunza na kuwasimamia. Asiyefunzwa asipewe, hata akiwa amevaa sare.

Watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana maana ya chuma katika mkono wa mwanadamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, katika zama za Sayyid Barghash. Kabla ya hapo wanadamu wengi walipitishwa katika bandari zetu wakiwa katika minyororo, bila ya kadhi kuwahukumu kosa lolote. Ndiyo maana ni lazima kila chuma kitiwacho mkono wa mtu kiwe na sheria nyuma yake, na awepo mtu anayejulikana wa kuulizwa juu yake.

Enyi wazazi, kijana wako akikwambia ataka pingu ili awalinde wadogo zake, usimkemee. Nia yake ni njema. Mweleze kwamba kumlinda mtu ni jambo moja, na kumfunga mtu ni jambo jingine. Kisha mpe kazi ya kweli: akaze komeo la mlango wa uani, awe rafiki wa vijana wa jirani, na siku ya fujo awe miongoni mwa wale wanne watano wanaosimama mbele ya kundi. Kazi hiyo yataka moyo mkubwa kuliko kugeuza ufunguo.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na shari ya wezi, na azilinde nafsi zetu tusiwe madhalimu katika kujilinda. Amin.