Kipaza Sauti Katika Kikao cha Maoni Mtandaoni

Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi katika shughuli zake. Kikao cha maoni kinapofanyika kupitia Zoom, mkazi wa Satellite anaweza kuchangia akiwa nyumbani au dukani. Hata hivyo, kipaza sauti kimoja kilichoachwa wazi huingiza honi za matatu, redio na soga za jirani, na maoni ya mwenzake kuhusu maji au barabara yakakosa kusikika na kuandikwa.

Kila mshiriki anashauriwa:

• Azime kipaza sauti mara tu anapoingia. Mstari mwekundu juu ya alama yake huonyesha kimezimwa.

• Akitaka kusema, ainue mkono kwenye programu na asubiri mwenyekiti amwite ndipo awashe.

• Akiwa amejiunga kwa kupiga simu ya kawaida, abonyeze *9 kuinua mkono, na *6 kuzima au kuwasha kipaza sauti.

• Akimaliza, azime tena. Nambari ya kitambulisho au ya siri ya M-Pesa isitajwe karibu na kipaza sauti kilicho wazi, kwa kuwa kikao huweza kurekodiwa.

• Asiposikika, ahakikishe kwenye mipangilio ya simu kuwa programu imeruhusiwa kutumia kipaza sauti. Ikishindikana, aandike maoni yake kwenye sehemu ya ujumbe kabla kikao hakijafungwa.